Kona ya Picha: Kukamata Mwendo Bila Kumpoteza Mtu



Kati ya maulizo tunayoletewa, kuna moja ambalo linarudi kila mara baada ya tarehe 8 Machi, baada ya ndoa na baada ya komunyo ya kwanza ya watoto. Mama anatuonyesha simu yake na kusema: "Angalieni, nyumba imeonekana vizuri, viti vimeonekana, hata sahani zimeonekana. Ila mtoto wangu aliyekuwa anacheza ametoka kama moshi." Wengine wanafikiri simu imeharibika. Wengine wanafikiri wanahitaji aparei ya bei kali. Mara nyingi simu haina shida. Shida ni muda, na juma hili tunazungumza juu ya muda.

Pazia linalofunguka na kufunga

Ndani ya kamera tufikirie chumba chenye giza na dirisha moja lenye pazia. Ukibonyeza, pazia linafunguka, mwanga unaingia, kisha pazia linafunga. Kila kitu kilichotokea mbele ya dirisha wakati pazia liko wazi kinaandikwa juu ya picha moja. Muda huo ndio tunaouita kasi ya pazia. Unaandikwa kwa sehemu za sekunde: 1/30 maana yake sekunde moja imegawanywa mara thelathini, na pazia limekuwa wazi kwa sehemu moja tu. 1/1000 ni muda mfupi zaidi. Sekunde 2 ni muda mrefu sana. Ndani ya simu hakuna pazia la kweli, kazi hiyo inafanywa na umeme, lakini hesabu ni ileile.

Tufanye hesabu kidogo, haitaumiza kichwa. Mama anayetembea polepole anaenda karibu kilomita 4 kwa saa, ni kusema mita moja na kidogo kwa sekunde. Pazia likiwa wazi kwa 1/30, mama huyo amekwisha kusogea karibu sentimita 4. Basi uso wake unaandikwa mara nyingi juu ya nafasi ya sentimita 4, na ndiyo maana unakuwa moshi. Kwa 1/250 anasogea chini ya nusu sentimita. Kwa 1/1000 anasogea milimita moja tu, na jicho haliwezi kuona tofauti.

Pikipiki inayoenda kilomita 36 kwa saa inapita mita 10 kwa sekunde. Kwa 1/100 imesogea sentimita 10, ni kusema upana wa kiganja. Kwa 1/1000 imesogea sentimita moja. Sasa munaelewa kwa nini mtoto aliyesimama anatoka safi na ndugu yake anayekimbia anatoka moshi ndani ya picha ileile.

Mambo mawili yanabadilisha hesabu hii. La kwanza ni umbali: kitu kilicho karibu kinaonekana kukimbia kuliko kilicho mbali. La pili ni upande: mtu anayepita mbele yako kutoka kushoto kwenda kuume anaandika moshi mwingi, lakini anayekuja moja kwa moja kwako anaandika moshi mdogo. Kama simu yako ni ya polepole, simama mahali ambapo watu wanakuja kukukabili.

Mtu aliyesafishwa viatu

Mambo haya si mapya. Mwaka 1838, Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya barabara kubwa ya Paris inayoitwa Boulevard du Temple. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi. Lakini ukiangalia picha hiyo utadhani mji wote umehama. Kamera ya wakati ule ilihitaji pazia kubaki wazi kwa dakika kadhaa, na kila aliyekuwa anatembea alifutika. Aliyebaki ni mtu mmoja pembeni, kwa sababu alikuwa amesimama anasafishwa viatu. Anahesabiwa kuwa kati ya watu wa kwanza kabisa kuonekana ndani ya picha. Matajiri waliopita ndani ya magari yao hawakuonekana.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1878, Eadweard Muybridge alifanya kinyume. Kule California, alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi na kutandika nyuzi zilizofungua kila kamera farasi alipopita. Watu walikuwa wanabishana: farasi akikimbia, miguu yake yote minne inaachana na udongo kwa mara moja au hapana? Picha zilijibu kwamba ndiyo, inaachana, na tena wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo, si wakati imenyooka kama wachoraji walivyozoea kuchora. Pazia la haraka lilionyesha jambo ambalo macho ya watu hayakuweza kuona tangu zamani.

Katika nchi yetu pia kulikuwa na mafundi. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 na kufariki mwaka 1997, alipiga picha za wachezaji wa usiku wa Kinshasa katika enzi za Franco. Usiku hauna mwanga, na mchezaji hasimami. Chombo cha mpiga picha wa usiku ni flashi. Mwanga wa flashi unakaa muda mfupi sana, mara nyingi chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo unafanya kazi ya pazia la haraka hata kama pazia lenyewe ni la polepole.

Tujaribu hapa kwetu

Fungua kamera ya simu na utafute sehemu inayoitwa Pro. Simu nyingi za Android ziko nayo. Humo utaona herufi S, ndiyo kasi ya pazia, na herufi ISO, ndiyo uwezo wa simu wa kuona gizani. Hizi mbili ni kama mizani. Ukitoka 1/125 kwenda 1/250, mwanga unapungua nusu, basi ISO lazima ipande mara mbili, kwa mfano kutoka 200 hadi 400, ili picha isiwe nyeusi. ISO ikipanda sana, picha inajaa punje kama mchanga. Lakini kati ya picha yenye punje kidogo na picha ambayo uso umefutika, sisi tunachagua punje.

Hizi ndizo namba tunazotumia wenyewe:

Mama anayetembea sokoni: 1/250.

Watoto wanaoruka kamba au kupiga mpira: 1/500 hadi 1/1000.

Ngoma na gwaride la wamama, ukitaka kila mtu atoke safi: 1/500. Ukitaka vitenge viruke kama maji na miguu ionekane inacheza: 1/30 au 1/15, na simu itulie.

Pikipiki inayopita: 1/30 au 1/60, kisha uifuate kwa simu. Ni kusema, unaanza kumwangalia dereva akiwa mbali, unageuza kiuno pamoja naye bila kusimama, unabonyeza, na unaendelea kumfuata hata baada ya kubonyeza. Dereva atatoka safi na nyumba za nyuma zitavutwa kama mistari. Inaomba majaribio kumi au ishirini. Simameni juu ya kibaraza, mbali na barabara. Hakuna picha inayostahili mguu wa mtu.

Maji ya mvua yanayoshuka ngazi za mtaa: nusu sekunde hadi sekunde moja, simu ikiwa imewekwa juu ya kitu. Maji yatakuwa kama maziwa.

Taa za wavuvi wa sambaza usiku: sekunde 10 hadi 15. Samaki hawa waliletwa ziwani Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wanavuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa. Mitumbwi haisimami sana, basi kila taa itaandika mstari mdogo juu ya maji. Picha hiyo mutu anaweza kuipiga kutoka nyumbani, kama nyumba inaangalia ziwa.

Chini ya 1/60, mkono wa mtu unatetemeka. Hauhitaji kununua miguu mitatu ya kamera. Mfuko mdogo wa maharagi uliowekwa juu ya ukuta unashika simu vizuri kabisa. Weka saa ya kusubiri ya sekunde 2 ili kidole chako kisitingishe simu.

Kuna jambo moja la mchana. Jua la saa sita hapa kwetu, karibu na ikweta, ni kali, na simu itachagua yenyewe pazia la haraka sana. Hapo ni rahisi kusimamisha mwendo na ni vigumu kuuacha upite. Picha za mwendo laini mzitafute asubuhi mapema, jioni kuelekea saa kumi na mbili, siku za mawingu, au ndani ya nyumba. Na jueni kwamba ile modi ya usiku ya simu inakusanya picha kwa sekunde kadhaa. Ni nzuri kwa nyumba na milima, lakini kwa watoto wanaocheza italeta moshi.

Kwa mwenye simu isiyo na Pro

Hamujaachwa nje. Kwanza, mlete mtu kwenye mwanga: karibu na mlango au dirisha, simu itafunga pazia haraka zaidi yenyewe. Pili, simu nyingi ukishikilia kifungo zinapiga picha nyingi mfululizo. Chagua iliyo bora, futa nyingine.

Tatu, na hili ndilo tunalolipenda kuliko yote: kila mwendo una kituo chake. Angalieni mama anayetwanga sombe. Mchi unapanda, unafika juu, unasimama kidogo kabisa, kisha unashuka. Pale juu, mchi hauna mwendo. Ukibonyeza pale, hata 1/60 inatosha. Mtoto anayeruka kamba naye anasimama juu kabla ya kushuka. Jembe linasimama hewani kabla ya kupiga udongo. Anayecheza anasimama pale anapogeuka. Mwenye kujua kazi ya mkono anajua kituo hicho kiko wapi, na hapo wamama tuko mbele, kwa sababu kazi hizi tunazijua ndani ya mwili. Mpiga picha wa kutoka mbali anabahatisha. Sisi tunahesabu pamoja na mchi.

Tusimamishe au tuache upite?

Sasa tufike kwenye jambo ambalo si la namba.

Wote tunawajua wamama wanaobeba mizigo hapa mjini, kamba ikiwa kwenye paji la uso, mzigo mgongoni, wakipanda mteremko wa kwenda soko la Kadutu. Wamepigwa picha mara nyingi, na picha nyingi zinafanana: mama ameinama, amesimamishwa na pazia la haraka, jasho linaonekana tone kwa tone. Picha hiyo ni ya kweli. Lakini inasema kitu kimoja tu, uzito. Haisemi kwamba mama huyo anatembea haraka, anajua njia, anahesabu faida, na saa kumi atakuwa nyumbani anawasha mbabula.

Jaribuni picha ileile kwa 1/30, mukimfuata kama tulivyofanya kwa pikipiki. Uso unatoka safi, mtaa unavutwa nyuma yake, na ghafla ni mtu anayekwenda mahali. Hatusemi picha ya kwanza ni uongo. Tunasema kasi ya pazia ni neno katika sentensi, na anayeshika simu ndiye anayechagua neno. Pamela Tulizo, mpiga picha kutoka Goma, alishinda mwaka 2020 tuzo ya Dior ya vijana wapiga picha kwa kazi aliyoiita "Double Identité". Kazi hiyo inauliza juu ya namna mwanamke wa mashariki ya Kongo anavyoonekana na wengine, na namna yeye anavyojiona. Tunaweza kuuliza ulizo hilo kwa simu ya mkononi, kila siku ya soko.

Na kabla ya kasi yoyote, kuna salamu. "Mama, jambo. Naweza kukupiga picha?" Akikataa, tunamshukuru na kumsaidia kupandisha mzigo. Kwa vizuizi, mpaka wa Ruzizi, askari na kambi, simu inabaki mfukoni. Hilo tunalikumbusha kila juma, na hatutachoka.

Pale ambapo moshi unalinda

Wengine wetu tunafanya kazi na dada zetu waliotendewa maovu. Katika mikutano, wageni na wafadhili wanaomba picha. Dada anakubali kuzungumza lakini hataki uso wake ujulikane, na ni haki yake. Hapa moshi tuliokuwa tunaukimbia unaweza kuwa rafiki. Kwa sekunde nusu au moja, simu ikiwa imetulia, mtu akigeuza kichwa polepole, uso unafutika na mwili unabaki. Picha inasema: hapa kulikuwa na mtu, alisema, na hamtamjua.

Lakini tusikilizane vizuri, maana hapa makosa yanagharimu maisha ya mtu. Uso uliofutika hautoshi. Jirani anaweza kumjua kwa kitenge, kwa kovu, kwa mtoto aliye mgongoni, kwa rangi ya mlango. Kwa hiyo:

Mpatieni kitenge kingine au shuka la rangi moja. Chagueni ukuta usio na alama.

Fungueni picha, ikuzeni mpaka mwisho, mutazame macho na mdomo. Kama mnaweza kumtambua, mtu mwingine naye ataweza.

Futeni picha zote zilizotoka safi kabla ya ile iliyofutika, na mzifute pia ndani ya kikapu cha takataka cha simu, kwa sababu zinabaki humo kwa siku nyingi.

Zimeni ile modi ambayo inahifadhi video fupi pamoja na kila picha. Simu nyingi za sasa ziko nayo. Picha inaweza kuwa moshi, na video iliyo nyuma yake ikaonyesha uso wote.

Zimeni pia alama ya mahali ndani ya mipango ya kamera, maana picha inaweza kubeba jina la mtaa bila nyinyi kujua.

Mwishoni, muonyesheni yeye mwenyewe picha kabla haijatumwa kwa mtu yeyote. Akisema hapana, ni hapana, hata kama mfadhili anangoja. Na kama hamuna hakika, pigeni mikono tu, au kivuli juu ya ukuta. Mikono inazungumza vizuri sana.

Mchezo wa nyumbani

Tusimalizie kwa uzito. Umeme ukikatika, na munajua utakatika, musikae bure. Weka simu juu ya mfuko wa maharagi, kasi sekunde 10, ISO 100. Mpe mtoto toshi ndogo, asimame mita tatu mbele ya simu, aelekeze toshi kwenu na aandike jina lake hewani kwa herufi kubwa. Picha itatoka na jina limeandikwa kwa mwanga, na mtoto mwenyewe karibu haonekani. Kwenu jina litaonekana limegeuka, basi ligeuzeni ndani ya simu. Wakubwa nao wataomba zamu, tunawaonya.

Kazi ya juma hili: chagueni mwendo mmoja wa nyumbani, kama kutwanga, kufua, kupepeta mchele au kusuka nywele. Pigeni picha mbili za mwendo huohuo, moja kwa 1/500 karibu na dirisha, nyingine kwa 1/15 simu ikiwa imetulia. Zileteni kwenye mkutano. Tutaziweka pamoja mezani na kila mmoja aseme ni ipi inayomfanana mama yake. Juma lijalo tutazungumza juu ya mwanga wa dirisha na namna ya kupiga picha ya mtoto mchanga bila flashi.

Mubaki na amani.